Beji Saba za Kifuu, na Moja Bado

Jumapili, 20 Julai 2025

Tafadhali. Kama unayesoma hapa si mimi, funga. Kama umeshindwa kufunga, basi soma kimya na usimwambie mtu hata neno moja: si mama, si mwenye nyumba, na kwa jina la Mungu si mtu yeyote wa ofisini. Mimi ni karani wa masjala, bado niko kwenye miezi ya majaribio, na mambo haya siwezi kuyaeleza kwa mdomo. Nakuomba sana.

Sasa niseme. Leo nimepata beji ya sita!

Niandike kwa utaratibu. Gemu lenyewe lina jina refu la kigeni. Huku pwani tunaliita Mazimwi. Yameshatoka magemu matano, moja baada ya jingine, nami nilianza na la tatu nikiwa chuoni. Unakamata mazimwi, unayafuga, unayapiganisha. Kila mji una mlinzi wake. Ukimshinda anakupa beji, na beji si pambo. Zimwi ulilolikamata mwenyewe linakutii tangu siku ya kwanza, lakini ulilopewa na mtu halikutii mpaka uwe na beji za kutosha. Linaweza kulala katikati ya pambano ukabaki unaliita. Beji ya tatu inakuruhusu kuvuka maji. Ya tano inakurusha mji hadi mji. Ya nane — zimwi lolote, kubwa kiasi gani, la mtu yeyote, litakutii.

Na hili la tano limeongeza jambo: walinzi wanaweza kuwa watu. Chama chetu cha wachezaji wa mwambao kimeteua wanane. Lazima umfuate mlinzi alipo, mkae meza moja, simu mbili zikaribiane. Ukishinda, simu yako inapokea beji, na mlinzi anakukabidhi nyingine ya mkononi: kifuu cha nazi kilichochongwa na kusuguliwa mpaka kinang'aa.

Beji za kifuu nazo zina manufaa yake. Ya tatu ni ya Idarusi, kijana wa bodaboda wa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Ukiwa nayo anakupeleka popote upande ule bila nauli. Anasema gemu linakuvusha maji, yeye anakuvusha mchanga. Ya leo ni ya dada Mboni, mwenye mgahawa Pangani karibu na gati, ambaye pia ni katibu wa chama. Mwenye beji yake hula bure siku ya pambano.

Mboni aliposhindwa alisimama, akawatangazia wateja wote: "Huyu mnayemwona anatetemeka ndiye kanitoa jasho. Mpeni chai kabla hajaanguka."

Watu walipiga makofi. Kwa ajili yangu. Mimi ambaye huwa napitishwa kituo kwa kuogopa kusema "shusha".

Jumanne, 22 Julai 2025

Ofisini. Mzee Mwinyijuma, mkuu wetu wa masjala, kapita mezani kwangu mara mbili. Nilisimama mara zote mbili. Shikamoo. Marahaba. Halafu macho yake kwenye rafu.

Simu ilinguruma ndani ya mkoba — Mboni, kuhusu beji ya saba. Mzee akageuka. Hakufoka, hafoki kamwe, na hilo ndilo baya. Alisema simu ni mtu wa nyumbani, ofisini hana kazi. Kisha akaniwekea rundo jingine: "Faili halitembei lenyewe, binti."

Ripoti yangu ya majaribio anaiandika yeye, Jumatatu ya tarehe 11 Agosti. Ama nithibitishwe kazini, ama nirudi Pongwe kwenye nyumba za wafanyakazi wa mkonge, nimweleze baba kwamba miaka yote ya ada imeishia hapo.

Nimezima simu. Nimeiwasha chooni. Beji ya saba iko Mkwaja, Jumamosi!

Jumamosi, 26 Julai 2025

Mkwaja. Naandika kwenye mkeka wa mtu niliyekuja kupambana naye.

Nilivuka na kivuko asubuhi, Idarusi akanipokea Bweni. Njia nzima anaongea, mimi nimefumba macho. Mlinzi wa saba ni Bi Semeni, bibi wa watu, mkaanga samaki. Alijifunza gemu kwa wajukuu, wajukuu wakaenda zao shule za bweni, yeye akabaki nalo. Sasa hakuna anayempita kijijini.

Nami nimeharibu. Nimeharibu kabla sijagusa simu!

Chama kina sheria ya meza. Zamani vijana walikuwa wakikutana na mlinzi mtu mzima wanaona haya kumpiga, wanajiachia washindwe. Pambano gani hilo? Ndipo ikaamuliwa: mezani hakuna mkubwa. Mshindani anasimama, anamwita mlinzi kwa jina lake tupu, bila bi, bila mzee, anasema "nakudai beji". Ukimwamkia mlinzi mkishakaa, umekubali kwamba yuko juu yako. Pambano limekwisha.

Sheria naijua. Niliisoma tena kwenye kivuko. Lakini bibi kaja na mtandio wake kichwani, anafuta mafuta mikononi, kakaa mbele yangu — na mdomo ukafunguka wenyewe: "Shikamoo, bibi."

Idarusi akajishika kichwa.

"Marahaba, mwanangu," Bi Semeni akasema, akaweka simu chini. "Umelelewa vizuri. Na umeshindwa. Njoo ule samaki."

Ukishindwa hivyo hurudi mezani mpaka jua lichwe na lichomoze tena. Idarusi anasema hajawahi kuona mtu aliyepigwa haraka namna hii, hata simu haikupata joto.

Nimelia kidogo. Kisha nimekula samaki.

Jumapili, 27 Julai 2025

SABA!

Asubuhi nilimwamkia Bi Semeni uani, mbali na meza, kwa magoti kabisa, ili shikamoo yote initoke. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha tukaingia barazani. Majirani wamejaa. Nikasimama.

"Semeni," nikasema. "Nakudai beji."

Mbingu haikuanguka. Mama mmoja akaguna tu, "Eh!" Bi Semeni akanyoosha mgongo kama msichana. Akasema jina lake hajalisikia hivyo tangu mumewe afariki.

Pambano lilikuwa refu. Nina mazimwi matatu mazuri. Mawili nimeyakamata mwenyewe: Faili, kobe wangu wa tangu mwanzo, mpole na mtiifu; na Popo. La tatu ni Pweza-radi, nguvu zake zinatisha, lakini nilibadilishana na Idarusi na beji zangu hazijamtosha. Hunitii anapotaka. Leo alipiga mara moja, akaangusha mawili ya bibi, kisha akalala. Nimeita, nimeita. Akapigwa usingizini. Faili ndiye aliyemaliza kazi, taratibu, kwa kung'ata.

Bi Semeni kanivika beji kwa mkono wake. Manufaa yake: kitanda Mkwaja, siku yoyote, bila kuuliza. "Hata kama umefukuzwa kwenu," akasema. Sijui kwa nini alisema hivyo. Nimemkumbatia.

Nimekosa misa. Mungu atanisamehe, alikuwa anaona.

Jumatatu, 28 Julai 2025

Nitaandika polepole.

Mlinzi wa nane hajulikani kwa wengi. Kwenye gemu anaitwa Nahodha, na chama hukutambulisha kwake ukishapata ya saba; ukimshinda, unashika kiti chake. Jioni hii Mboni kanitumia ujumbe wa sauti wa huyo Nahodha. Nimeisikiliza nikiwa nakuna nazi.

Sauti ya mtu mzima, haina haraka. Anasema amepata taarifa kwamba kuna mshindani, jina lake la gemu Karafuu. Anampongeza. Pambano Pangani, barazani kwa Mboni, siku ya Nane Nane kwa kuwa ni sikukuu. Na mwishoni: "Mwambie ajipange. Beji haitembei yenyewe."

Mbuzi ya nazi ikanikata kidole.

Nimeisikiliza tena. Na tena. Kisha nimempigia Mboni na kumuuliza jina. Akasema, mbona ni mtu wa huko huko kwenu Tanga, mstaarabu sana, Mwinyijuma wa masjala. Unamjua?

Nikasema mtandao unakatika.

Alhamisi, 31 Julai 2025

Siku tatu ofisini sijainua kichwa. Nikiuona mkono wake unageuza kurasa nawaza kidole kile kile kikibonyeza simu. Hajui kwamba Karafuu ni mimi. Leo kanipongeza kwa kupanga rafu za mafaili ya ardhi. Angejua.

Nimempigia Mboni tena, nikamweleza yote. Kisha akacheka mpaka akakohoa. Nikamwambia najitoa. Hapo akaacha kucheka.

Akasema sheria iko wazi: aliyefika ya nane asipotokea, beji zake zote zinarudi kwa walinzi. Si za simu tu. Na za kifuu.

"Na kitanda cha Bi Semeni?" nikauliza.

"Na kitanda."

Nimezipanga saba juu ya kitanda changu. Miaka miwili nimepanga hapa Mabawa na mtu pekee anayejua jina langu ni mwenye nyumba, mwisho wa mwezi. Pangani nikishuka wananiita toka ng'ambo ya barabara. Nisizirudishe.

Lakini kusimama mbele ya watu na kumwita mkuu wangu wa kazi kwa jina tupu! Ijumaa. Na Jumatatu yake anakaa kuniandikia ripoti.

Idarusi kaletewa habari tayari. Kanipigia: "Usihofu, dada. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

Nikamwambia hilo halinijui. Akasema, basi siku hiyo litakujua.

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Mazoezi. Si ya mazimwi, ya jina. Nimelisema mbele ya kioo, mbele ya sufuria, mbele ya mlango. "Mwinyijuma, nakudai beji." Sauti inakatika kwenye "juma".

Jirani yangu wa ukuta kagonga. Kauliza huyo Mwinyijuma ananidai au namdai mimi, maana toka asubuhi naita. Na kama kakubali kuoa niseme mapema, ashone.

Nimehamia chini ya mto wa kulalia.

Jumatano, 6 Agosti 2025

Karibu na kufunga ofisi mzee kauliza kila mtu sikukuu ataipitishia wapi. Zamu yangu. Ningeweza kusema Pongwe. Nikasema Pangani.

Alinitazama juu ya miwani.

"Pangani wapi?"

"Kuna watu nawafahamu, mzee."

Akaitikia kwa kichwa. Akasema magari ya sikukuu hujaa, niwahi stendi. Akaondoka na mwavuli wake. Alijua? Hakujua? Sitalala usiku huu. Na bado — naona haya kuandika — nina furaha. Kama mtoto anayepelekwa baharini.

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Niko jikoni kwa Mboni, nyuma ya mapipa ya maji. Pambano limesimama kwa swala ya alasiri. Haraka, basi, kabla mzee hajarudi.

Baraza lilijaa kabla ya saa nane. Idarusi kavuka na abiria wawili na hakuwatoza, wamekuja kutazama. Bi Semeni kaletwa kwa pikipiki toka Mkwaja, kakaa kiti cha mbele, mtandio mpya. Wateja wamesimama na sahani mikononi.

Mzee akaingia. Kanzu ya Ijumaa, kofia, simu mkononi kama mtu aliyeshika tasbihi. Kasalimia watu wote kwa mkono. Akafika kwangu. Mkono ukasimama.

"Bibiana?"

Sikujibu. Ningejibu ningemwamkia.

Mboni akasema, "Karafuu ndiye huyu."

Akakaa. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa tena. Nikasimama. Nikamtazama Bi Semeni. Yeye akainua kidevu tu.

"Mwinyijuma," nikasema. Ikatoka nzima. "Nakudai beji."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Lahaula." Mwingine akamnyamazisha.

Mzee kanitazama. Nilidhani anaondoka. Kisha kitu kikasogea kwenye mdomo wake, si tabasamu, lakini si mbali nalo. "Kaa," akasema. "Tuone."

Ni hodari. Sijapata kuona mtu anayecheza hivyo! Hafanyi haraka, hakosei, kila zimwi lina mahali pake kama faili kwenye rafu. Papa wake aliniangusha Popo kwa pigo la pili. Nikamtoa Faili. Tukang'ang'ana. Faili kamng'ata Papa mpaka kaanguka, watu wakalipuka, Idarusi kapanda juu ya benchi. Mzee akatoa la pili, Nge, nikamwangusha naye pia! Sikuwa naogopa. Naandika hivyo ili nikumbuke: kwa muda ule sikuwa naogopa kitu chochote. Nilisahau yeye ni nani. Nilimwambia, "Hapo umekwisha, Mwinyijuma."

Akasema, "Bado."

Akatoa la mwisho. Nyangumi. Amefika levo ya juu kabisa, hana hata alama ya jeraha. Pigo moja, Faili kabaki na uhai kama uzi.

Hapo ikaadhiniwa.

Zamu ni yangu tukirudi. Faili akibaki, anapigwa, hana pigo la kumdhuru Nyangumi. Pweza-radi akitoka, radi moja tu inatosha. Moja tu! Maji na radi, mtoto anajua. Lakini Pweza si wangu, na beji ya kumfanya atii ni hii hii ninayoidai. Akilala, nimekwisha.

Nami nilikuwa tayari nimeshaanza kufikiri mawazo mabaya. Kwamba labda si vibaya akilala. Ningekuwa nimetokea, nimesimama, nimelitaja jina. Kushindwa si kosa, beji saba zinabaki zangu, na mzee anarudi Jumatatu akiwa Nahodha bado, na kalamu yake ikiwa laini. Ningeweza hata kumwacha Faili. Nani angejua?

Mzee akasimama kwenda msikitini. Alipita karibu yangu, akainama kidogo kama anavyofanya mezani kwangu ofisini. Akasema kwa sauti ya chini, mimi tu nikisikia:

"Usinigawie ushindi. Ukinigawia nitajua. Na hilo ndilo nitakaloliandika."

Akatoka.

Sasa nimebanwa kila upande! Nikimshinda mbele ya Pangani nzima — anasema hivyo sasa, lakini mtu akishushwa kiti chake anajisikiaje Jumatatu? Na nikimtoa Pweza akalala, atadhani nimefanya kusudi. Nani ataamini zimwi lilikataa lenyewe? Yeye ataamini? Yeye anazijua sheria za utii kuliko mimi. Au hajui kwamba Pweza si wangu. Sijui anajua nini.

Bi Semeni kaingia jikoni, kanikuta hapa nimekunjamana. Nikamweleza alichosema. Akauliza, "Wewe unataka nini?"

Nikasema nataka beji. Nilisema haraka mno, hata mimi nilishangaa.

"Basi mtoe huyo mlalaji wako," akasema. "Ukimwacha ndani kwa kuogopa atalala, tofauti yake na kulala ni ipi?" Akachukua maji, akaenda zake kutawadha.

Nitamtoa Pweza.

Mboni sasa kaleta karatasi. Anasema kila mshindani wa beji ya nane huandika jinsi ya kupatikana kwake kabla pambano halijamalizika, maana akishinda anakuwa mlinzi papo hapo na kuna watu hapo nje wanasubiri kumdai. Asiposhinda karatasi inachanwa. Mwinyijuma aliandika yake mwaka juzi: sanduku la posta tu.

Nijaribu humu kwanza, nisichafue.

Anayenitaka aulize kwa Mboni, Pangani.

Hapana. Huko ni kujificha. Upya.

Bibiana Ernesti. Mabawa, Tanga. Shuka kwenye mashine ya kusaga, ingia njia ya mchanga, nyumba ya tatu yenye geti la bluu lisilofungika. Siku za kazi ni baada ya saa kumi na moja jioni, kama bado nina kazi. Kama sina, siku yoyote. Jumapili baada ya misa ya pili. Chumba changu ni cha mwisho uani, mkono wa kulia. Jirani atakuuliza wewe ni nani. Mwambie umekuja kudai, atakuelewa vibaya, usijali, pita. Ukiona kuna mwanga na hakuna anayejibu, nipo, nacheza. Piga hodi kwa nguvu, usibembeleze. Mlango unabana kwa chini. Sukuma.